Kizibo cha Chumvi

Ijumaa, saa kumi na moja jioni,
baba alizima feni moja ndogo akaenda nyumbani.
Ndivyo walivyofunga wiki, anasema,
kule Tennessee, nyuma ya vilima vya misonobari.
Hakuna king'ora.
Feni ikinyamaza, kizibo cha chumvi iliyoganda
huanza kutoka jasho ndani ya bomba,
hulegea, huachia,
na moto wote wa wiki huteremka wenyewe
hadi matangi ya chini, kulala.
"Mvuto wa dunia," anasema,
"haujawahi kuchelewa kazini."

Verlon Hatmaker, miaka themanini na miwili.
Amekula chumvi nyingi, ila siku hizi
sahani yake haina hata chembe: daktari kakataza,
kwa ajili ya moyo.
Ile nyingine bado anaipenda
kama mtu anavyompenda farasi aliyemtupa.
Ikiwa baridi, jiwe jeupe.
Ikipashwa digrii mia sita hamsini, maji,
maangavu hata ungetamani kuyachota kwa kata.
"Na haikuwa na presha. Nisikilize hapo, Ardith.
Wenzetu walipika kwa sufuria iliyofungwa kwa skrubu,
ikipasuka, inaondoka na paa.
Wetu ulikuwa uji. Uji ukimwagika,
unaganda palepale ulipomwagika."

Mimi ni binti yake. Kazi yangu ni kutazama nyufa.

Vipande vya nikeli, vidogo kama kucha,
tunavitumbukiza katika chumvi siku mia nne,
tunavitoa, tunavikata, tunaving'arisha,
kisha naweka jicho kwenye hadubini.
Chumvi hula. Huanza na kromi,
polepole, kama panya mwenye adabu.
Halafu huja teluri, mtoto wa urani iliyopasuka,
ikapenya kati ya chembe na chembe,
pale metali inapojishika yenyewe isianguke.
Ufa wa leo: mikroni arobaini na mbili.
Nikaupima tena.
Arobaini na mbili.

Juzi walikuja wenye fedha, na helmeti mpya
ambazo vibandiko vya bei havijabanduliwa.
Tripp Overholt akawawekea mchoro ukutani:
umeme mchana na usiku, upepo uwepo usiwepo,
taka za kujaza ndoo, si bonde.
Nikamtazama anavyotia chumvi.
Si mwongo. Kila alilosema lina mzizi,
mwingine nimeupanda mimi.
Lakini mama mmoja mwembamba, nyuma kabisa,
aliuliza bomba litadumu miaka mingapi,
na Tripp akanywa maji, akanywa tena,
akanigeukia.

Baba naye ana lake asilolisimulia.
Walipofungiwa jengo, waliiacha chumvi matangini.
Imeganda, walisema. Iliyoganda haiendi popote.
Kumbe ilikuwa macho.
Mionzi iliitafuna gizani, mwaka baada ya mwaka,
florini ikajikusanya, ikapanda mabombani
na urani mgongoni,
ikaenda kuketi mahali ambapo hakuna aliyeiweka.
Zilipita kama miaka ishirini na mitano.
Baba alikuwa anauza mashine za kukatia nyasi
walipomjia wanaume wawili na faili.
"Mliiachaje?" wakamwuliza.
Mama alikuwa mlangoni, ndiye aliyenihadithia.
"Kama tulivyoiacha kila Ijumaa," alisema,
kisha akaketi juu ya mojawapo ya zile mashine
na hakuuza kitu siku ile.

Jumapili nampelekea maharage na mkate wa mahindi.
Hanisalimu.
"Umefika ngapi?"
"Arobaini na mbili."
Anaukunja uso, anapima hewa
kati ya kidole gumba na cha shahada,
mpaka vinakaribia kugusana.
"Hiyo si kitu."
"Kwa siku mia nne, baba.
Wao wanataka miaka."
Anatafuna. Anatazama dirishani, upande wa vilima.
"Basi badilisheni metali. Au badilisheni chumvi.
Au semeni kweli, mbadilishe bomba kila baada ya miaka saba,
kama watu wanavyobadilisha matairi."
Halafu, bila kunitazama,
anauelekeza mkono kwenye kikopo chenye matundu
nilichokificha nyuma ya maua.

Nampa. Namhesabia chembe.
Alhamisi natoa kipande cha siku mia tano.